Kabla ya kuvuta tela la farasi: kilo zinazoruhusiwa na jinsi ya kuzihesabu

Mtu wa Lubumbashi anayetaka kupeleka farasi Kipushi, Likasi au Kasumbalesa huuliza kwanza kama gari lake lina nguvu. Nguvu si tatizo. Dizeli ya lita tatu italing'oa tela la tani tatu bila kulalamika, ila kulisimamisha kwenye mteremko, nyuma ya lori la madini lililofunga breki ghafla, ni habari nyingine. Ndiyo maana sheria haizungumzii nguvu za injini, inazungumzia kilo. Na kilo hizo hazikuandikwa mahali pamoja: gari lina zake, tela lina zake, kiungo (chuma cha nyuma ya gari kinachofungwa tela), matairi na leseni vilevile. Namba iliyo ndogo kuliko zote ndiyo inayoamua, hata kama nyingine zote zinaruhusu zaidi.

Anza na gari. Fungua mlango wa mbele na utazame kwenye nguzo, au funua boneti, utafute kibao cha kiwanda. Kwenye magari yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya kibao hicho huwa na mistari minne ya kilo. Wa kwanza ni uzito wa juu wa gari likiwa limepakia watu na mizigo, ule ambao karatasi za Kifaransa huuita PTAC. Wa pili ni uzito wa juu wa gari na tela kwa pamoja, yaani PTRA. Miwili ya chini ni ya ekseli, ya mbele na ya nyuma. Toa mstari wa kwanza kwenye wa pili, utapata kilo za tela ambazo gari lililojaa linaweza kuvuta. Ikiwa mstari wa pili uko wazi, au haupo kabisa, kiwanda hakikuliidhinisha gari hilo kuvuta kitu, hata fundi akikuhakikishia vipi.

Gari lililotoka Ubelgiji au Ufaransa huja na karatasi yenye alama zilezile kwa nchi zote za Umoja wa Ulaya: F.2 ni PTAC, F.3 ni PTRA, O.1 ni kilo za tela lenye breki, O.2 ni za tela lisilo na breki. Piga nakala ya karatasi hiyo siku unaponunua gari, kabla haijapotelea kwenye makaratasi ya forodha. Kwa gari lililotengenezwa kwa soko la Japani huenda usikute namba ya tela popote kwenye kibao. Tafuta kitabu cha gari cha modeli hiyohiyo, injini hiyohiyo na giaboksi hiyohiyo. Magari mawili yanayofanana kwa nje yanaweza kupishana mamia ya kilo kwa sababu tu moja ni la kubadilisha gia kwa mkono na jingine ni otomatiki.

Hapa tuseme jambo ambalo gereji nyingi hazipendi kulisikia. Kuongeza springi, kuweka shokomzoba nzito au kuchomelea chuma kinene nyuma hakuongezi hata kilo moja kwenye uzito unaoruhusiwa. Gari litaonekana limekaa sawa, lakini breki, ekseli na chesisi ni zilezile. Tunawasihi wenye farasi wasikubali kiungo kilichochomelewa bila kibao chake. Kiungo cha kiwanda kina kibao kidogo chenye alama mbili: S, yaani kilo ambazo tufe (kile kichwa cha duara cha kiungo ambacho tela hukalia) linaweza kubeba kwa kukandamizwa kutoka juu, na D, nguvu ya kuvutana inayopimwa kwa kilonyutoni. D unayohitaji huhesabiwa hivi: zidisha tani za gari kwa tani za tela, gawanya kwa jumla yake, kisha zidisha kwa 9.81. Gari la tani 2.85 na tela la tani 2 hutoa karibu 11.5. Kiungo chenye D ya 9 hakifai hapo, kinene au chembamba.

Tufe lenyewe lipime kwa kalipa. La kipimo cha Ulaya lina milimita 50, la Kimarekani la inchi mbili lina 50.8. Tofauti hiyo haionekani kwa macho, lakini kishikio cha tela, kile kinacholifunika tufe, kikiwa cha 50 juu ya tufe la 50.8 hakifungi vizuri. Tufe lililolika hadi milimita 49 litupwe.

Sasa tela, ambalo wengi huku huliita remoki. Tela la farasi wawili likiwa tupu huwa na kilo 800 hadi 1000 kwa kawaida. Kibao chake kinaonyesha PTAC yake. Toa uzito wa tela tupu, kinachobaki ndicho unachoweza kupakia. Matela yanayotengenezwa na mafundi wa mjini mara nyingi hayana kibao. Hapo huna budi kutafuta namba za sehemu zake: ekseli inaruhusu kilo ngapi, kishikio kilo ngapi, matairi kilo ngapi. Tairi lililoandikwa 94 ubavuni hubeba kilo 670, lenye 92 hubeba 630. Manne ya 94 yanafika 2680, lakini ukifunga moja la mtumba lenye namba ndogo, hilo ndilo litakalopasuka kwanza. Tazama pia tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi ya tela huzeeka kwa jua yakiwa yamesimama, kashata zikiwa bado nzima.

Uzito wa farasi usiukisie. Pima kwa tepu mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, vyote kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 11880. Farasi mwenye mzunguko wa 180 na urefu wa 165 anatoa kilo 450. Hesabu hii ni makadirio tu, kwa hiyo jiachie nafasi. Njia ya uhakika ni mizani ya magari, ile ya kupimia malori: pitisha gari na tela likiwa tupu, kisha vikiwa vimepakiwa kama siku ya safari, na uiweke risiti pamoja na karatasi za gari.

Tuchukue mfano. Gari lina kilo 2050 likiwa tupu, PTAC 2850, O.1 ni 2500 na PTRA ni 5000. Ukisoma O.1 peke yake utadhani kilo 2500 za tela ni halali siku zote, kumbe gari likijaa zinabaki 2150. Tela lina 900 likiwa tupu na PTAC yake ni 2000. Farasi wawili, 450 na 520, nyasi kavu, matandiko na lita 60 za maji vikifika 130, tela limefika 2000 kamili. Garini wako watu wanne, kilo 300, na mizigo ya 100: jumla 2450. Gari na tela ni 4450, chini ya 5000. Kisheria, safari inaruhusiwa.

Lakini Lubumbashi iko takriban mita 1200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na injini hupungukiwa. Vitabu vingi vya magari hushauri kupunguza asilimia 10 ya uzito wa pamoja kwa kila mita 1000. Asilimia 12 ya 5000 ni 600, kwa hiyo unabaki na 4400, na tayari umezidi kwa kilo 50. Acha maji, uyajaze mwisho wa safari, utakuwa ndani kwa kilo kumi.

Upande wa leseni, watu hukosea kwa sababu wanahesabu kilichopakiwa. Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unahesabu PTAC zilizoandikwa. Leseni ya B, ile ya gari dogo la kawaida, inatosha kwa tela la PTAC isiyozidi 750. Kwa tela kubwa zaidi, PTAC yake isizidi uzito wa gari tupu, na PTAC zote mbili zikijumlishwa zisizidi 3500; ukipita hapo unahitaji BE, leseni ya gari dogo lenye tela kubwa. Katika mfano wetu, 2850 na 2000 ni 4850, kwa hiyo ni BE hata tela likiwa halina farasi ndani. Sheria ya Kongo yenyewe ni namba 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978; tembea na nakala, kwani mazungumzo na polisi wa barabarani huwa mafupi ukiwa na karatasi mkononi.

Mkataba huohuo unadai breki kwenye tela lolote la zaidi ya kilo 750, na hata kwenye dogo kuliko hilo likizidi nusu ya uzito wa gari tupu. Breki ya msukumo, ile inayofanya kazi tela linapoisukuma gari, inakubalika hadi 3500. Waya wa dharura ufungwe kwenye jicho la chesisi, usizungushiwe shingo ya tufe: kazi yake ni kuvuta breki ya mkono ya tela ikiwa tufe limeng'oka, na tufe likiondoka na waya, hakuna kitakachovuta.

Uzito ukiwa halali bado unaweza kukuangusha ukikaa vibaya. Kiasi cha asilimia 5 hadi 7 za uzito wa tela kikandamize tufe, bila kuvuka S. Kwa kilo 2000 hiyo ni 100 hadi 140, na tufe lenye S ya 100 linakuacha kwenye 100 tu. Kupima, kata gongo lenye urefu wa kutoka ardhini hadi kwenye tufe, lisimamishe juu ya mizani ya kupimia watu mahali tambarare, kisha shusha kishikio cha tela juu yake kwa gurudumu dogo la mbele. Weka mifuko ya saruji ya kilo 50 mahali wanaposimama farasi. Usifanye jaribio hili na wanyama ndani. Mizani ikisoma kilo 40, tela litaanza kuyumba nyuma yako kama mkia. Likiyumba, toa mguu kwenye mafuta na ushike usukani sawa, usikanyage breki kwa nguvu.

Farasi akiwa mmoja, huku Kongo tunakoendesha kulia, asimame upande wa kushoto, kwa sababu barabara huinamia ukingoni. Wakiwa wawili, mzito ndiye wa kushoto. Ukivuka Kasumbalesa, Zambia wanaendesha kushoto na mteremko wa barabara unageuka, mzito akawa upande wa chini. Punguza mwendo, hasa magurudumu yanapokaribia udongo wa kando. Hakikisha pia kadi ya manjano ya COMESA, yaani bima ya gari ya kuvukia mpaka, inataja tela, si gari peke yake.

Kabla ya kupakia, choma mbao za sakafu kwa bisibisi chini ya mpira, hasa kwenye pembe ambako mkojo hutuama. Bisibisi ikizama, safari imeahirishwa.

Ukishatembea kilomita 10 hivi, simama mahali pana na ukaribishe kiganja kwenye kila kitovu cha gurudumu la tela. Vyote viwe na joto linalolingana. Kimoja kikiwa cha moto kuliko wenzake, bearing inakufa au breki imeganda. Usimshushe farasi kando ya barabara. Geuza polepole, rudi ulikotoka.