Heda au manifoldi ya kiwandani? Pima kabla hujanunua

Mtu akiniletea gari la zamani na kuuliza kama aondoe manifoldi ya kiwandani (chuma kinachokusanya moshi kutoka kwenye silinda) aweke heda (seti ya mabomba ya kazi hiyo hiyo), namwomba kwanza awashe injini asubuhi, ikiwa baridi kabisa, tusikilize. Ukisikia tik-tik-tik inayofifia kadiri injini inavyopata moto, mara nyingi moshi unavuja kwenye manifoldi: chuma kikipanuka, mwanya unajiziba. Zima, subiri ipoe, kisha mulika tochi kwenye maungio. Penye masizi meusi ndipo panapovuja. Nimeona magari mengi yaliyosemwa kuwa hayana nguvu, na yaliyohitaji ni gasketi mpya (ya kuziba maungio) na studi mbili (boliti zisizo na kichwa).

Manifoldi ya kiwandani ni chuma cha kusubu, kizito na kinene. Inazima kelele, inashika joto, na ikitunzwa inapita miaka 40 bila shida. Heda ni mabomba ya chuma chembamba, kwa kawaida unene wa 1.2 mm hadi 1.6 mm, kila silinda na bomba lake. Moshi unaotoka kwa kasi kwenye bomba moja unasaidia kuvuta wa bomba jingine pale yanapokutana, hivyo silinda inasafishika vizuri na kupokea mchanganyiko mwingi zaidi wa hewa na petroli. Faida hiyo ni ya kweli, ila unaiona zaidi injini ikizunguka kwa kasi. Kama kamshafti (shafti inayofungua vali), kabureta na silinda hedi ni zile zile za kiwandani, na huko nyuma ekzosi bado ni nyembamba, utalipa pesa nyingi kwa mabadiliko madogo. Tena ukichukua heda yenye mabomba mapana mno, mwendo wa moshi unapungua na gari linakuwa zito kuondoka.

Sasa jambo ambalo wauzaji hawalitaji, nalo ndilo lililonitesa mimi. Nina Datsun 240Z, injini ya L24, silinda sita kwa mstari. Kwenye injini hii manifoldi ya hewa (inayoingiza hewa kwenye silinda) na ya moshi ziko upande mmoja, zinatumia gasketi moja, na baadhi ya studi zinabana zote mbili kwa pamoja: wosha nene imelala nusu juu ya flanji (bamba la kufungia) ya hewa, nusu juu ya flanji ya moshi. Niliponunua heda sikupima. Flanji yake ilikuwa nyembamba kuliko ya hewa kwa milimita mbili hivi. Nikafunga, nikakaza, injini ikawaka vizuri. Wiki haikuisha, tik-tik-tik ikaanza. Nilipofungua nikakuta wosha zimelala kimshazari: zimekandamiza manifoldi ya hewa, heda zimeigusa tu. Gasketi ilikuwa imeungua kwenye silinda ya tatu na ya nne. Nilikuwa nimekaza kwa nguvu zangu zote, na kila nilipokaza, nilikuwa nauelemea upande usiovuja.

Kwa hiyo, kama injini yako imepangwa hivyo, gari la MGB nalo likiwemo, chukua vernia (kipimo cha unene) upime unene wa flanji zote mbili mahali wosha inapokaa. Zikitofautiana, tengenezesha wosha zenye ngazi, upande mmoja mnene kuliko mwingine, au peleka flanji nene ikapunguzwe. Usitegemee gasketi ifidie.

Manifoldi ya zamani nayo ipimwe. Ing'oe, safisha uso wake, weka rula ya chuma juu ya flanji zote kwa pamoja. Mimi nikiweza kupitisha fila (bamba jembamba la kupimia mwanya) ya 0.25 mm chini ya rula, naipeleka kwa fundi wa mashine ikasawazishwe. Ufa mdogo unachomeleka, ila chuma cha kusubu kinataka kupashwa moto kwanza na kupoa taratibu. Akichomelea kikiwa baridi, ufa utazaliwa pembeni ya weldi.

Ukiamua heda, angalia inapita wapi. Nafasi ya shafti ya usukani, stata, nyaya za plagi, na umbali kutoka ardhini. Kwenye 240Z kabureta zimekaa juu kabisa ya mabomba, na heda tupu inatoa joto jingi kuliko chuma kinene, hadi petroli inachemka kwenye bakuli la kabureta ukiwa kwenye foleni. Lipia ile iliyopakwa seramiki ndani na nje, na rudisha bamba la kukinga joto. Kitambaa cha kuzungushia mabomba sikipendi kwa chuma cha kawaida, kwa sababu kinashika unyevu na kutu inakula bomba usipoiona.

Kaza nati kuanzia katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo. Washa mpaka ipate moto, acha ipoe kabisa, kaza tena. Rudia baada ya safari ndefu ya kwanza.

Halafu usisahau kabureta. Heda inayofanya kazi inaingiza hewa zaidi, na mchanganyiko unaweza kupungukiwa petroli. Endesha mwendo wa barabara kuu, zima injini bila kuiacha ingurume, toa plagi. Rangi ya kahawia ni nzuri. Ikiwa nyeupe kama chaki, ongeza petroli kabla hujaliendesha tena kwa kasi.