Kabla ya kufunga sola: pima mafuta ya pampu ya kisima, kisha uyapunguze

Mkulima wa Rongai au Njoro, huko Nakuru, anayevuta maji ya kisima kirefu kwa jenereta anaijua bei ya dizeli kwa kichwa. Muulize lita moja inamtolea maji kiasi gani, na mara nyingi atakisia. Anza na hesabu hiyo. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa, na ya petroli kilo 2.3, kwa hiyo ukipunguza mafuta kwa kila mita ya ujazo ya maji (lita 1,000) umepunguza gharama na moshi kwa mpigo mmoja.

Tafuta pipa la lita 200, saa, na jagi lenye alama za mililita. Washa pampu uiache ivute nusu saa kabla ya kupima chochote. Dakika za mwanzo hudanganya: maji bado yako juu kisimani na pampu haijabeba mzigo wake halisi. Sasa elekeza bomba kwenye pipa. Likijaa kwa dakika 2, unapata mita 6 za ujazo kwa saa. Kwa mafuta, egesha jenereta mahali tambarare, jaza tangi hadi shingoni, vuta maji kwa saa 2, kisha ujaze tena hadi pale pale kwa jagi. Anayetumia stima asome yuniti kwenye mita kabla na baada, vifaa vingine vyote vikiwa vimezimwa.

Kipimo cha tatu ndicho kinachorukwa zaidi, nacho ni kina cha maji pampu ikiwa inavuta. Hupimwa kwa waya wenye alama za mita unaolia au kuwaka taa ukigusa maji. Visima vingi vimefungwa juu bila nafasi ya kupitisha waya huo. Siku fundi atakapotoa pampu, mwambie ashushe pamoja nayo bomba dogo la plastiki la robo tatu inchi. Ni kazi ndogo, na bila bomba hilo utakuwa unakisia maisha yote ya kisima.

Sasa linganisha ulichopima na kinachotakiwa. Kupandisha mita moja ya ujazo kwa mita 100 ni kazi ya yuniti 0.27 za umeme, na pampu pamoja na mota yake hupoteza kama nusu ya nguvu inayoingia. Chukua kisima ambacho maji yako mita 110 chini pampu ikivuta, tangi liko mita 10 juu ya ardhi, na msuguano wa mabomba ni sawa na mita 8. Jumla ni mita 128. Pampu inayofanya kazi kwa asilimia 45 itakula yuniti 0.78 kwa kila mita ya ujazo. Jenereta iliyopakiwa vizuri hutumia kama lita 0.4 kwa yuniti, kwa hiyo ni lita 0.31 za dizeli, sawa na kilo 0.83 za hewa ukaa. Ekari moja ya nyanya ikihitaji maji ya kina cha milimita 5 kwa siku, hizo ni mita 20 za ujazo: lita 6 na ushee za dizeli kila siku, na kilo 1,500 hivi za hewa ukaa kwa siku 90.

Ukipata lita 0.45 kwa mita ya ujazo badala ya 0.31, kuna mahali panapovuja nguvu.

Mtuhumiwa wa kwanza ni bomba jembamba. Mita 6 za ujazo kwa saa zikipita mita 200 za bomba la plastiki lenye upana wa ndani wa milimita 32, msuguano peke yake ni kama kupandisha maji mita 31 zaidi. Weka la milimita 50, hushuka hadi mita 3.5. Hakuna badiliko la bei nafuu kuliko hilo shambani, na bado watu huanza na paneli.

Wa pili ni valvu iliyofungwa nusu. Hufanywa hivyo kwa sababu pampu ina nguvu kuliko kisima, maji huisha na mota huungua. Valvu inaokoa mota, lakini mafuta yanateketea pale pale kwenye valvu. Dawa yake ni pampu ndogo zaidi, au inveta ya kupunguza mzunguko wa mota. Ukivuta polepole, maji kisimani hayashuki sana, na kila mita 10 usizozipandisha hukuokolea mililita 24 za dizeli kwa mita ya ujazo.

Wa tatu ni jenereta kubwa mno. Mota inapowaka huvuta umeme mara tano hadi saba ya kawaida, basi muuzaji anakupa jenereta ya kVA 20 kwa mota ya kilowati 4. Baada ya hapo inazunguka karibu bila mzigo, ikila lita 0.6 au zaidi kwa yuniti. Ukiona mafuta meusi yanachuruzika kwenye ekzosi, ndiyo hiyo. Kifaa cha kuwasha mota taratibu huruhusu jenereta ndogo. Usisahau pia kwamba injini hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, na Nakuru iko karibu mita 1,850.

Kule Ahero na uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, penye visima vifupi na pampu za petroli za kukaa juu ya ardhi, shida ni nyingine. Pampu ya aina hiyo haivuti maji yaliyo zaidi ya mita 6 hivi chini yake. Nakuru, kwa sababu ya mwinuko, ni mita 5. Ikizidi hapo inanguruma na kula petroli bila kutoa maji ya maana. Ishushe karibu na maji kwenye kidato kilichochimbwa kando, si ndani ya kisima chenyewe: moshi wa injini huua mtu aliye shimoni.

Stima ikifika shambani, itumie. Takriban tisa ya kumi ya umeme wa gridi ya Kenya hutokana na mvuke wa ardhini kama wa Olkaria, maji, upepo na jua, kwa hiyo yuniti yake hutoa hewa ukaa kidogo sana ukilinganisha na kilo 1.07 za jenereta.

Sola ije mwisho, ukishapunguza mzigo. Kwa mfano wetu, chagua pampu ya mita 3.6 za ujazo kwa saa ivute saa 5 na nusu, na paneli 8 za wati 550 zitatosha. Achana na betri. Weka akiba kwenye tangi.

Maji yenyewe pia hubeba hewa ukaa. Yakiwa na miligramu 300 za bikaboneti kwa lita na yakatoa chokaa yote, hutoka gramu 108 kwa mita ya ujazo, si zaidi. Kinachosumbua zaidi ni ile chokaa nyeupe inayoziba matundu ya mipira ya matone. Idondoshee ndimu: ikitoa povu ni chokaa, na mipira isafishwe kwa asidi hafifu.

Hatari ya sola ni kwamba maji huonekana ya bure. Funga mita, ambayo WRA (mamlaka ya rasilimali za maji) huitaka kwenye kibali hata hivyo, na swichi ya kuelea tangini. Pima kina kila mwezi, asubuhi kabla ya kuwasha. Maji yasiporudi kwenye kina chake cha kawaida, punguza saa za kuvuta kabla pampu haijaanza kuvuta hewa.