Namna ya Kuupima Mrengo Wako kwa Mizani Unayowapimia Wapinzani

Chukua karatasi uigawe katikati kwa mstari. Kushoto andika 1 Septemba 2017, siku ambayo Mahakama ya Juu ya Kenya, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ilifuta uchaguzi wa urais. Kulia andika 5 Septemba 2022, siku ambayo mahakama hiyo hiyo, chini ya Jaji Mkuu Martha Koome, ilithibitisha ushindi wa William Ruto. Chini ya kila tarehe andika ulivyowasema majaji siku ile. Usitegemee kichwa chako tu, maana kumbukumbu ya mfuasi sugu hujisafisha yenyewe; fungua simu usome ujumbe uliotuma.

Mwaka 2017 wafuasi wa NASA, muungano wa Raila Odinga, waliwasifu majaji na wengi wa Jubilee, chama cha Rais Uhuru Kenyatta ambaye ushindi wake ulifutwa, wakawatukana. Miaka mitano baadaye, wengi waliokuwa na Raila waliishuku mahakama, na waliomfuata Ruto, aliyekuwa Naibu Rais wa Jubilee wakati wa hukumu ya kwanza, wakaitetea. Karatasi yangu mwenyewe iliniaibisha. (Upande wangu siutaji, kwa kuwa nikiutaja nusu ya wasomaji wataniacha hapa hapa.)

Utajitetea kwamba kesi hizo hazikufanana, na ni kweli: katika ile ya kwanza majaji wanne dhidi ya wawili waliona kasoro katika upeperushaji wa matokeo, na katika ya pili wote saba waliyatupa madai ya walalamishi. Swali ni moja tu: je, tofauti hiyo uliijua kabla ya kufurahi au kukasirika, au uliitafuta baadaye ili ipate kukusitiri? Ukiona hukumu ulizozisoma ni zile zilizokuudhi pekee, jibu unalo.

Kwa uchaguzi wa 2027, basi, weka masharti mapema. Kabla ya kura kupigwa, andika ni ushahidi gani utakaokufanya ukubali kwamba mgombea wako ameshindwa, kisha mkabidhi karatasi hiyo rafiki wa mrengo mwingine, wala si wa mrengo wako. Sharti liwe jambo linaloweza kukaguliwa. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi iliweka Fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya urais za kila kituo, kutoka vituo zaidi ya 46,000 kwenye tovuti yake, lakini wengi wetu tulisambaza picha za fomu zenye utata kutoka kaunti tusizowahi kukanyaga, na ya kituo tulichopigia kura hatukuifungua. Anza na hiyo: linganisha tarakimu zake na za fomu iliyobandikwa mlangoni, tazama kama jumla ya kura imezidi idadi ya wapiga kura waliosajiliwa, na uone kama ajenti wa chama chako alitia sahihi. Kama alikataa, tafuta sababu aliyoandika.

Matokeo yakitangazwa, kabla hujatuma neno lolote kwenye kundi, mpigie simu yule rafiki umwombe akusomee karatasi yako.