Kulala Nyumba Ndefu ya Waiban: Maelezo kwa Msafiri Kutoka Pwani Yetu

Ukimuuliza Muiban, mtu wa kabila la Waiban wa Sarawak kisiwani Borneo, nyumba yao ina ukubwa gani, hakwambii mita. Atakwambia ina milango 20, au 30. Kila mlango ni familia yenye jiko lake, ghala lake la mpunga na madeni yake dukani. Mbele ya milango yote unapita ukumbi mmoja mrefu wa mbao, *ruai*, ambao ndio baraza ya kijiji kizima. Nje ya ukumbi kuna jukwaa lisilo na paa, *tanju*, ambako wanaanika mpunga na pilipili manga. Wewe utakuwa mgeni wa mlango mmoja, lakini baraza ni ya wote. Karibu kila adabu nitakayotaja inatokana na hilo.

Sarawak ni Malaysia, ila ina uhamiaji wake. Hata ukitokea Kuala Lumpur utagongewa muhuri mwingine ukishuka Kuching, mji mkuu wa Sarawak, kwa hiyo pasipoti iwe karibu. Mwenye haraka aende Annah Rais, nyumba ya Wabidayuh, kabila jingine la Sarawak, iliyo kilomita 60 hivi kutoka mjini. Gari linafika mpaka mlangoni. Mimi napenda zaidi kwa Waiban wa Batang Ai na mto Lemanak. Ni saa nne au tano za barabara kupitia mji wa Serian, halafu mtumbwi mrefu wa mashine. Maji yakipungua, mnashuka kuusukuma juu ya mawe. Vaa sandali zenye kamba. Ndala zitachukuliwa na mto.

Usijitokeze tu. Tafuta mwongozaji Kuching anayefahamiana na mkuu wa nyumba, *tuai rumah*, kwa sababu zipo siku ambazo nyumba iko kwenye mwiko, kwa mfano kukiwa na msiba, na mgeni haingii. Hata kama mmeshapatana siku ya kufika, simama chini ya ngazi, mwongozaji aulize, mkaribishwe, ndipo mpande. Viatu vinabaki nje.

Zawadi nunua soko la Serian, na ununue vitu vinavyogawanyika: sukari, kahawa, biskuti za pakiti, madaftari. Mkabidhi tuai rumah au mkewe. Vitatandazwa kwenye mkeka na kupangwa mafungu, kila mlango na fungu lake, sawa kwa sawa, na watu wanatazama. Doli moja kubwa la bei itazua ugomvi. Peremende za kuwagawia watoto mkononi ziache; wanakuzunguka usiku kucha, na mama zao hawafurahi.

Sasa chakula, ambacho ndugu zangu Waislamu huniuliza kabla ya jambo lolote. Ndiyo, nguruwe wapo, tena mara nyingi wanafugwa chini au nyuma ya nyumba. Na pombe ya mchele, *tuak*, haikosi. Lakini Waiban wanaishi jirani na Wamalay Waislamu na wanalijua suala hili vizuri kuliko hoteli nyingi za Ulaya. Mwambie mwongozaji mapema, siku ya kupanga safari, si wakati sahani imeshawekwa mbele yako. Kisha nunua kuku hai na umchinje mwenyewe. Nyumbani Tanga kazi hiyo nawaachia kaka zangu. Huko najichinjia, bibi yangu aniwie radhi. Omba apikwe *pansoh*: vipande vya kuku na tangawizi na mchaichai vinashindiliwa ndani ya mwanzi, mdomo unazibwa kwa kisamvu, mwanzi unaegemezwa motoni. Uzuri ni kwamba mwanzi unakatwa mbichi kwa pishi hilo hilo, kwa hiyo hakuna sufuria ya kuitilia shaka. Na kisamvu kile, kilichonyonya mchuzi wa kuku, kinashinda kisamvu chetu cha nazi. Nimesema. Kwa wali, mwenye wasiwasi abebe sufuria yake ndogo.

Usiku milango mingine nayo itakuita, na kila mlango una sahani yake. Kula kidogo kidogo tangu mwanzo. Kitu usichokula usikipe mgongo hivi hivi: kiguse kwa ncha ya kidole, au gusa ukingo wa kikombe, ushukuru. Waiban wanaamini kwamba anayeondoka bila hata kukigusa chakula alichokaribishwa anajitafutia ajali njiani, pengine kuumwa na nyoka. Wakikuona umegusa, roho zao zinatulia na hakuna anayekulazimisha.

Mnakaa mkekani. Usinyooshe miguu kuelekea chakula wala kumruka mzee. Pita ukiwa umeinama. Ngoma zikipigwa utavutwa ucheze *ngajat*, na kukataa kabisa ni kuwanyima raha. Zungusha mikono polepole, wacheke, ukae. Ukiona mafuvu ya vichwa yamening'inia ukumbini, ni ya vita vya mababu: usiyaguse, na omba ruhusa kabla ya kupiga picha.

Godoro na chandarua hutandikwa kwenye ruai, au kwenye banda la wageni lililo kando. Ukiweza chagua ruai, ila fahamu kwamba majogoo wa kupigana hufungwa humo humo ukumbini, na wanawika kuanzia alfajiri ya mbali. Pamba za masikio ni muhimu kuliko tochi. Kuoga mara nyingi ni mtoni, mbele za watu: wanawake beba kanga mbili, ya kuogea na ya kubadilishia, wanaume kikoi kinatosha.

Malipo ya kulala malizana na mwongozaji kabla. Asubuhi akina mama watatandaza vikapu na vitambaa vya *pua kumbu* vilivyofumwa kwa mkono. Bei inapunguzwa kidogo, si nusu, maana kitambaa kimoja kinaweza kula miezi ya kazi. Beba ringgit za noti ndogo. Chenji huko juu ya mto haipatikani.