Hamia getaddrinfo
Kama programu yako ya C bado inatafuta anwani ya seva kwa fanksheni ya gethostbyname, achana nayo. Huweka jibu kwenye kumbukumbu moja ya pamoja, hivyo thredi mbili (sehemu za programu zinazoendeshwa kwa wakati mmoja) zikiiita kwa mpigo, moja inaweza kufuta jibu la nyingine. Mbadala wake, getaddrinfo, hukupa orodha nzima ya anwani, za IPv4 na za IPv6 (matoleo mawili ya anwani za intaneti). Ila usichukue ya kwanza ukaridhika: jaribu moja baada ya nyingine mpaka mojawapo ikubali kuunganishwa. Weka SOCK_STREAM (soketi ya mtiririko) kwenye ai_socktype, sehemu ya vidokezo (hints) unavyoipa getaddrinfo, la sivyo kwenye Linux utaona anwani ileile mara tatu, ukadhani DNS (mfumo wa kugeuza majina kuwa anwani) imerukwa na akili. getaddrinfo ikifeli, ujumbe wa kosa uombe kwa gai_strerror; errno (namba ya kosa la mfumo) isome tu ukipata jibu la EAI_SYSTEM. Ukimaliza na orodha, achilia kumbukumbu yake kwa freeaddrinfo.