Somo: Kuusoma mlima wa Mont Blanc kwa kuanzia na kokoto za Lugoba

Kokoto hazikosekani Dar, kwa hiyo somo hili kila mtu analiweza.

Hatua ya 1. Omba kokoto moja ya Lugoba, machimbo ya mkoani Pwani, kwenye saiti iliyo karibu nawe. Ioshe, kisha igeuzegeuze juani. Utaona mistari myeusi na myeupe iliyojipinda. Jiwe hilo lilibanwa na kupata joto kali chini sana ardhini, mabara yalipogongana miaka kama milioni 600 iliyopita. Juu yake palikuwa na milima. Mvua na mito imeimaliza, yamebaki mashina. Msiiruke hatua hii, ndiyo somo lenyewe.

Hatua ya 2. Tenganisha umri wa jiwe na umri wa mlima. Granaiti ya Mont Blanc, mpakani mwa Ufaransa na Italia, ilipoa chini ya ardhi miaka takriban milioni 300 iliyopita. Mlima wenyewe una umri mdogo zaidi. Baadaye bahari ilifunguka kusini mwa Ulaya, ikaja kujifunga, na kipande cha ardhi kilichotoka upande wa Afrika kikaikandamiza Ulaya. Granaiti ya kale ikapandishwa hadi mita 4,800 hivi, na matabaka yaliyoifunika yakamomonyoka.

Hatua ya 3. Barafu. Ndiyo iliyochonga ile minara mikali ya mawe juu ya Chamonix, mji ulio chini ya Mont Blanc.

MASWALI

Mwalimu, na Kilimanjaro nao ulisukumwa hivyo?
Hapana, ndugu yangu. Kilimanjaro ni volkano. Shira, Mawenzi na Kibo zilijijenga kwa lava na majivu, mlipuko juu ya mlipuko. Ndiyo maana unasimama peke yake, wakati Alpi, milima ya Ulaya ambayo Mont Blanc ni mmojawapo, ni safu ndefu.

Nimesikia kilele cha Matterhorn, mlima wa Alpi mpakani mwa Uswisi na Italia, ni cha Afrika. Kweli?
Kweli, dada. Miamba ya juu ilitoka kwenye kile kipande nilichokitaja, ikapandishwa juu ya mabaki ya sakafu ya bahari. Mimi hii hunisisimua kuliko yote.

Mawe ya Oysterbay yenye matundu ni ya mlima gani?
Hayo ni matumbawe ya kale, kaka, hayajawahi kuwa mlima. Dondoshea siki: yatatoa povu, kokoto yako ya Lugoba itanyamaza. Jiwe la chokaa la safu ya Aravis, magharibi mwa Mont Blanc, nalo litatoa povu, kwa kuwa lilizaliwa baharini.