Theluji Ikianza Kuyeyuka, Angalia Joto la Usiku

Siku ya kwanza jua likiwaka na mapaa yakaanza kuchuruzika maji, sisi tuliotoka nchi za joto huona baridi imekwisha. Bado. Kati ya siku hiyo na majani mabichi kuna wiki kadhaa, na kwa maoni yangu zina hatari kuliko Januari yenyewe, maana Januari kila mtu yuko macho.

Theluji haina haraka. Ile mpya hurudisha angani asilimia 80 au zaidi ya mwanga wa jua, ndiyo maana macho yanakuuma huku yenyewe imetulia tu (vaa miwani ya jua). Kisha kuyeyuka kwenyewe kunakula joto jingi: joto linaloyeyusha kilo moja ya barafu lingetosha kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi sifuri hadi karibu nyuzi 80. Kwa hiyo usishangae rundo lililosukumiwa pembeni mwa maegesho likibaki pale wakati kwingine kote ardhi imeshakauka. Upepo wenye joto na unyevu, pamoja na usiku wa mawingu, huimaliza upesi kuliko jua kali linalofuatwa na usiku wa baridi.

Basi ukifungua programu ya hali ya hewa, anza na namba ya usiku. Mchana ukiwa nyuzi 5 na usiku 4 chini ya sifuri, maji yote yaliyotiririka njiani yatakuwa barafu alfajiri. Barafu hiyo haionekani. Utadhani ni lami iliyolowa tu. Anayewahi zamu ya asubuhi ndiye anayeanguka. Piga hatua fupi, kanyaga kwa wayo wote, uzito uuelekeze kwenye mguu wa mbele, na mikono itoke mifukoni. Mlangoni mwaga chumvi, lakini ikifika kama nyuzi 9 chini ya sifuri nguvu yake hupungua sana. Hapo mchanga ni bora, hauyeyushi ila unasaidia kiatu kushika. Usipite chini ya kingo za mapaa: theluji iliyolowa huporomoka kwa mkupuo, na barafu inayoning'inia nayo hukatika.

Nyumbani, adui sasa ni maji. Theluji mpya ya sentimita 30 hutoa maji ya kama sentimita 3, lakini ile iliyoshindiliwa miezi mingi hutoa zaidi ya hapo. Ichote kwa koleo uisogeze mbali na kuta, hasa kama kuna chumba cha chini ya ardhi, na hakikisha bomba la paa halimwagi maji kwenye msingi. Mpangaji akiona unyevu ukutani apige picha na kumwandikia mwenye nyumba siku hiyo hiyo. Bima nayo isome mapema, usidhani tu kwamba maji yanayopenya kutoka ardhini yamo.

Matairi ya baridi yaache hadi joto lizoee kuwa juu ya nyuzi 7, asubuhi zikiwemo. Osha gari uvunguni, chumvi ya barabarani inakula chuma. Mashimo yatakuwa mengi, kwa sababu maji yaliyoingia kwenye nyufa za lami yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Ziwani usikanyage barafu kabisa. Iliyopigwa na jua inaweza kuwa nene na bado ikavunjika.

Kuna na saa. Sehemu kubwa ya Marekani na Kanada husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, na Ulaya Jumapili ya mwisho ya mwezi huo. Afrika Mashariki haisogezi. Aliye Uingereza atakuwa nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa 2 badala ya 3, kwa hiyo waambie wazee mapema kama mna muda maalumu wa kupigiana simu.